Saa Haichongwi, Hukatwa Mkanda

Ni saa mbili asubuhi, au saa tisa, au saa sita kasorobo: inategemea unatazama ipi. Juu ya meza ya Shangazi Mikanda zimelala saa za mkono kumi na moja, kila moja na wakati wake.

"Usiziulize saa hizo," anacheka, akipangusa meza kwa kitambaa. "Kuzitibu ni kazi ya mafundi wa saa. Mimi nazivisha tu."

Huu ni mwaka wa ishirini na tatu anavisha, chini ya ngazi za jengo la maduka. Saa kuukuu huletwa ikiwa uchi, naye huitafutia mkanda unaoifaa. Siku njema huvisha sita. Siku mbaya moja, na hiyo ya jirani yake mchonga funguo, ambaye hulipa kwa maneno.

Wengi hudhani ni suala la rangi. Yeye huanza na pembe, yaani vile vijino viwili kila upande wa saa, ambako mkanda hushikizwa kwa pini. Hupima nafasi iliyo kati yake. Kisha huutazama uso. Uso uliokuwa mweupe, ukizeeka hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Uvishe mkanda mweusi unaong'aa, utasema haujanawa," anaeleza. "Uvishe wa kahawia uliopauka kidogo, unapendeza kama mtu aliyelala akashiba usingizi."

Mwisho hushika mkono wa mwenye saa, aujue mfupa wake na jasho lake.

Leo anayeshikwa mkono ni mpiga chapa mstaafu, mkono mnene kama mchi. Saa aliyoleta ni ndogo kama kifungo cha koti. Ni ya mkewe, aliyefariki miezi minane iliyopita. Kila asubuhi mzee huitia ufunguo kama alivyokuwa akifanya mke, kisha huitumbukiza mfukoni.

"Nataka kuivaa, mwanangu," anasema. "Watoto wananicheka, eti baba na saa ya kike! Wacheke. Mfukoni siisikii."

Shangazi anapima. Milimita kumi. Mkanda wa upana huo kwenye mkono ule ni uzi uliofungwa kwenye gogo.

"Ndiyo maana sonara wa hapo juu kasema atazikata hizo pembe, achomelee nyingine pana. Ananingoja kabla ya adhuhuri. Wewe niuzie mkanda wa kiume tu, nimpelekee apimie."

Shangazi anaiweka saa chini polepole. "Mzee wangu, nguo ikibana, huwa tunampunguza mtu?"

"Wengine tungeshukuru," anadakia mchonga funguo, akijipapasa kitambi.

Shangazi hacheki. Anavuta droo, anatoa saa yenye pembe tatu badala ya nne. Miaka kumi na tisa iliyopita aliletewa na mwalimu mmoja. Mkanda aliomchagulia ulikuwa mpana, ukakataa kuingia, naye akachukua tupa akazichonga pembe. Moja ikavunjika.

"Hakunigombeza. Alisema, 'Baki nayo,' akaondoka zake. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi wangu namlea humu kwenye droo."

Mzee anasikitika, lakini jicho lake liko kwenye ngazi. Hakuja kusikiliza ya mwalimu.

"Mkanda wa zamani wa mama unao?" Shangazi anauliza haraka.

Mzee anautoa kwenye bahasha. Shangazi anaupinda, anaunusa, anauinua kwenye mwanga.

"Alikuwa anaivua mara nyingi kwa siku. Kunawa mikono, kunawa tena. Nesi?"

Mzee anakodoa macho. "Mkunga. Nani kakwambia?"

"Huu wenyewe. Umepasuka kwenye chuma cha kufungia, na ndani umepauka kwa sabuni. Lakini huku karibu na saa bado mzima kabisa."

Anaugeuza tena ule upande mzima. Kisha anachukua ngozi ya kahawia ya mkoba mkuukuu, anakata mkanda wa upana wa vidole vitatu, anauzungusha kwenye mkono wa mpiga chapa. Katikati anachana mipasuo miwili.

"Saa itaketi juu yake kama mgeni kwenye mkeka. Cha kuishikilia kiwe vipande viwili vifupi vya mkanda wa mama, vipite kwenye mipasuo hii. Ila lazima niukate. Nikate?"

Mzee anautazama ule mkanda mwembamba. Anaupitisha kidoleni mara moja.

"Kata."

Inachukua saa nzima, sindano na nta. Mzee anavaa, anainua mkono hadi sikioni, anafumba macho.

"Sasa naisikia," anasema. Anazipita ngazi bila kupanda. "Mwambieni sonara asiningoje."

Shangazi anabaki na kipande cha ngozi. Anailaza juu yake saa ya mwalimu, anaigeuza huku na huku.

"Miaka yote nikidhani saa hushikwa kwa pembe tu! Hii nitaikatia tundu la duara, ilale ndani ya ngozi, uso nje."

Mwalimu amestaafu, anaishi nyuma ya soko. Shangazi akimwona, huvuka barabara. Jumamosi hii, anasema, havuki.

"Na akikufukuza?" anauliza mchonga funguo.

"Anifukuze," anajibu, akitunga uzi kwenye sindano. "Ila atanifukuza saa iko mkononi mwake."