Perege Waliokunywa Zamu ya Vitunguu

Mama mkwe wangu hali samaki. Ni mtu wa ng'ombe, amezaliwa huko juu Karatu kwenye ubaridi, na tangu nianze kukaanga perege hapa Mang'ola, akipita jikoni kwangu huziba pua kwa khanga. Nampenda hivyo hivyo, naye ananivumilia.

Mvua zilipotukataa misimu miwili mfululizo, Ziwa Eyasi lilirudi nyuma hadi likabaki tope jeupe la chumvi na dimbwi moja mdomoni mwa mto. Mume wangu akafunga begi. Aende Mwanza akavue, mimi nibaki na watoto na karai kavu! Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonipeleka kwenye mkutano wa wavuvi.

Wengi walitaka tuwagawane samaki wa dimbwini, yaishe. Nikasimama. "Akiba haiozi," nikawaambia.

"Samaki anaoza, mama," akajibu mmoja, wakacheka.

"Aliyekufa ndiye anayeoza. Hawa wako hai. Ziwa likirudi tupu mtavua nini, magadi?"

Tulibishana mpaka tukakubaliana: tuwahamishie kwenye bwawa la zamani kando ya mfereji wa vitunguu. Mume wangu akasema atangoja msimu mmoja tu. Lakini bwawa lilihitaji maji, na maji ya mfereji huenda kwa zamu. Nani angevinyima vitunguu vyake maji awape samaki? Tukawaendea wakulima, wakakataa mmoja mmoja. Ndipo mama mkwe, mwenye kijishamba chake pale, akasema, "Chukueni zamu yangu. Sitaki mwanangu aende mbali."

Tuliwabeba kwa ndoo, juu ya bodaboda, tukiimba. Kwa haraka zetu tukamwaga perege na kambare pamoja, na kesho yake kambare walikuwa wameshiba kupita kiasi. Tukaingia matopeni hadi kiunoni kuwatoa, wanawake kwa wanaume, tunateleza na kuchekana. Hao kambare tuliwala bila mjadala.

Msimu uliofuata mvua ilikuja na ziwa likajaa. Tuliwarudisha perege wetu, tukapiga marufuku nyavu kwenye matete mpaka wazaliane, na mimi nilikuwa mkali kuliko walinzi wote. Mama mkwe alizoea kuteremka jioni kuangalia, mkono puani.

Siku tuliyofungua uvuvi nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikaanga perege mkubwa kuliko wote, nikamwandalia mama mkwe na ugali. Akautazama mlo, akaisukuma sahani polepole.

"Siwezi, mwanangu. Hawa niliwanywesha mwenyewe. Mifugo haichinjwi ovyo." Kisha akaniuliza, kama anavyouliza habari za ng'ombe wake, waliobaki ziwani wanazaa vizuri?

Nikamjibu wanazaa. Mwanawe, pembeni yake, alikuwa ameshaivuta ile sahani.