Miaka Miwili Tuliyokuwa Watu wa Nakuru

Enzi zetu mtoto alikuwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo, na jina la utani alilobandikwa na wenzake mtaani, na yote matatu aliyaitikia bila taabu. Mimi nilikuwa na la nne, la serikali. Nyumbani nilikuwa Wambui, kanisani Tabitha, mtaani Kamiguu, na kuanzia darasa la nne hadi la sita nikawa Mesi, mtoto wa watu wa Nakuru. Nakuru kwenyewe nilikuwa sijawahi kukanyaga.

Kwetu hasa ni Kitale, mtaa wa Tuwan. Babu zetu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kutafuta mashamba, na sisi tukazaliwa papo hapo, tukanusa mahindi yakianikwa tangu tukiwa mgongoni. Baba alikuwa karani katika ghala la mahindi. Siku moja aliona watu anaowajua kwa sura na majina wakimuua mfanyabiashara mmoja nyuma ya ghala, na baba yangu, ambaye hata nyoka alimwonea huruma, akaenda polisi akasema alichokiona. Akaombwa akaseme tena mahakamani, akakubali. Wiki iliyofuata pikipiki isiyo na namba ikaanza kupunguza mwendo kila ikifika langoni petu, na mama akaacha kututuma dukani.

Ndipo akaja mtu mmoja wa serikali, mnene, mpole, mwenye koti la kahawia, tukaambiwa tumwite Anko. Vijana wa siku hizi ukiwatajia shahidi aliyefichwa wanaona sinema: magari meusi, miwani ya jua, watu wakiongea na kola za mashati yao. Sisi tulihama saa nane mchana, tumeshiba githeri, juu ya lori la kabichi, na mdogo wangu alikuwa ametapika mara mbili kabla hatujafika Kiminini. Nilidhani tutapelekwa ng'ambo. Tukashushwa Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma, mwendo ambao dereva mwenye haraka huumaliza kwa saa moja na nusu! Anko alisema tutakaa wiki mbili tu wakati wanatutafutia pahali pa mbali. Wiki mbili hizo zikawa miaka miwili. Mpaka leo sijui kama ulikuwa ujanja au faili letu lilipotelea mezani kwa mtu.

Tuliyemwacha nyuma ni Shosho Njeri, mamake mama, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kwetu majina hayatolewi ovyo. Binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama, na nyanya mwenyewe huhesabiwa kuwa amezaliwa tena. Mimi nilichukua la upande wa baba, ndiyo maana baba hakuwahi kuniita Wambui. Aliniita maitu, yaani mama. Baada yangu wakafuatana wavulana wawili, na mama yangu alikuwa mtoto pekee, kwa hiyo Shosho hakuwa na pengine pa kuzaliwa. Kila akija kwetu alimtazama mama tumboni akauliza, "Na mimi nitazaliwa lini? Ama mnangoja nife kwanza?"

Tulipopanda lile lori mama alikuwa na mimba ya miezi minne, na Shosho alikuwa hajaambiwa. Hakuambiwa pia kwamba tunaondoka. Hilo lilimuuma mama kuliko nyumba na ng'ombe tuliowaacha, na alilia kutoka Tuwan hadi Kamukuywa.

Sisi watoto, niseme ukweli, tulifurahi. Baba akawa fundi wa baiskeli. Bungoma ya wakati ule boda boda zilikuwa baiskeli, zenye kiti cha sponji nyuma kilichopambwa kwa nyuzi za rangi, na abiria alikaa juu yake kama bwana harusi. Zilipasuka matairi usiku na mchana. Tyubu zilizokufa baba alinipa mimi, nikazikata vipande virefu na kuzifunga, nikawa na blada ndefu kuliko ya msichana yeyote pale mtaani. Aliyetaka kuruka blada jioni alikuja kwetu kwanza. Tuliruka hadi kiunoni, hadi makwapani, hadi kichwani, sketi zikiwa zimefungwa fundo, vumbi jekundu limetupaka hadi masikioni. Leo namwona mtoto wa miaka kumi akihema kwa kupanda ngazi za ghorofa moja, nasikia kicheko, halafu huruma.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Nekesa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Siku ya pili alituletea sufuria ya mrenda. Sisi tuliolelewa kwa viazi na maharagwe tukaitazama ile mboga ikivutika kama kamasi, tukatazamana. Wadogo zangu walijaribu kuitafuna. "Si ya kutafuna hiyo, bana," Mama Nekesa akawaambia. "Hiyo unafungulia tu mlango, inaingia yenyewe." Baada ya mwezi tulikuwa tukigombania ya mwisho. Mvua zilipoanza tukajifunza na kumbikumbi, wakiwa wamekaangwa kwa chumvi kidogo, na nilikula kikombe kizima ndipo nikakumbuka kwamba nawaogopa wadudu.

Masharti ya Anko yalikuwa matatu: tusitaje Kitale bali Nakuru, tusitaje majina yetu ya zamani, tusiongee lugha ya kwetu nje ya nyumba. Wasiwasi wake mkubwa ulikuwa ulimi wetu, kwa maana watu wa Kati tunajulikana kwa kuchanganya r na l. Kumbe Bungoma nao wanachanganya! Hapo serikali ilipatia hata bila kutaka. Mama alisema "chakura", Mama Nekesa akasema "chakura", na hakuna aliyemshtukia mwenzake.

Kilichotushinda ni mukimo, chakula cha kwetu ambacho kishindo cha kukiponda kingetutaja. Mama aliweza kuvumilia jina jipya na kabila la kubahatisha, lakini Jumapili bila mukimo ilimshinda. Basi aliufunga mlango, baba akafungulia redio hadi mwisho, na mama akaponda viazi, mahindi na majani ya malenge kwa nguvu zake zote kufuatana na wimbo. Wimbo ukiisha, anasimama, mwiko hewani. Wimbo mwingine ukianza, anaendelea. Tulikula mukimo ulioiva kwa kwaya za Biblia.

Shuleni mtoto mmoja mwenye shangazi Nakuru aliniuliza tulikuwa tukikaa upande gani. Nikamwambia ni karibu kabisa na ziwa, wale ndege wa waridi hutua kwenye kamba yetu ya nguo, inabidi mama awafukuze ndipo aanike. Akaenda akawaambia wenzake, na nikawa mtu mkubwa kwa muhula mzima.

Mtoto alizaliwa alasiri moja ya mvua. Msichana. Majirani hawakungoja mtu, wakamwita Nafula papo hapo, kwa sababu wao mtoto wa mvua humwita hivyo. Anko alipokuja Jumamosi na karatasi zake akaandika Joy. Lakini nilimwona mama akimwinamia mtoto, mdomo umegusa sikio, akimwita Njeri kwa pumzi tu, hata sauti haikutoka.

Alimwomba Anko jambo moja. "Nenda umwambie mama yangu amezaliwa. Usimwambie tuko wapi."

Anko akavua kofia yake, akaigeuzageuza. "Siwezi, mama. Akijua atafurahi. Akifurahi atasema."

Kwa hiyo ikawa hivyo. Shosho alikuwa na presha, na kule Tuwan hakujua kama sisi ni wazima au tumekufa. Mama alianza kuhesabu umri wake kila tukikaa kula, "Sasa amefika sabini na mbili," kana kwamba tunabisha.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu tukampeleka kanisani kuombewa. Njia nzima baba alikuwa akimkumbusha mama: Joy, Joy, ni Joy. Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akauliza kwa sauti ya kanisa zima, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Njeri," mama akasema.

Alisema waziwazi, kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe. Baba akakohoa kikohozi cha mtu aliyemeza mfupa. Baadaye mama aliniambia jina Joy alikuwa nalo mdomoni tangu nyumbani, lakini kwa mara ya kwanza jina lilikuwa linatamkwa mbele ya watu juu ya kichwa cha mtoto, na kwake hilo ndilo lingeshika. Hangeweza kumfungia mamake nje.

Mchungaji hakuwa amefungua mdomo tena Mama Nekesa alipopasua wimbo kutoka safu ya wamama. Alianza juu mno, hata yeye mwenyewe hakuufikia, lakini wenzake wakamdaka, kanisa likasimama, makofi yakajaa, na maombi yalipoisha ilikuwa ni Joy Nafula mtoto wa Bwana.

Mama Nekesa alitufuata hadi nyumbani, akakaa, akaitisha chai. "Mama Mesi," akasema, "sisi tunajua kitambo. Ati Nakuru! Si tunasikia mkiponda ile chakura yenu kila Jumapiri na redio juu? Mtaa yote inajua."

Baba akawa wa kijivu. "Na hamkusema?"

"Mtu akikuja kwako anajificha, wewe utamuuliza nini? Unampea mboga." Akamchukua mtoto mikononi mwa mama. "Na leo kanisani hakuna mtu alisikia kitu. Nimeshaongea na wamama."

Jumamosi baba alimweleza Anko yote, maana hakujua kusema uongo hata alipolipiwa na serikali. Mimi nilikuwa nimeshafunga blada yangu kwenye mfuko, nikijua tutahamishwa tena, na safari hii ni kaskazini kabisa, kwenye jua na miiba. Anko akaomba sahani ya mukimo, akala, akaomba nyingine. Kisha akasema, "Kwenye karatasi zangu ni Joy. Mimi pia sikuwa kanisani." Mama akajaribu tena habari za Shosho, lakini Anko alikuwa ameshavaa koti.

Baba alitoa ushahidi mwaka uliofuata, siku mbili mfululizo. Wale watu wakafungwa. Anko akaja na lori, safari hii la viazi, na mtaa mzima ukatusindikiza hadi barabarani, Mama Nekesa akilia kwa ile sauti yake hadi wenye baiskeli wakasimama. Blada niliwaachia wasichana.

Tulifika Tuwan mchana. Shosho alikuwa mlangoni pake akichambua maharagwe, amepungua nusu. Alitutazama mmoja mmoja, hakuinuka. Mama alikuwa ameandaa maneno tangu Kanduyi, yote yakampotea. Akamweka mtoto chini. Mtoto akapiga hatua tano, sita, akashika goti la Shosho asianguke.

"Huyu ni Njeri," mama akasema.

Shosho akamwangalia vidole, masikio, paji la uso. "Kumbe nimeshaanza kutembea," akasema, "na hakuna mtu aliyeniambia." Akacheka. Ndipo akalia, na sote pamoja naye, na maharagwe yakamwagika yote.

Aliishi miaka mitatu zaidi, akigombania kigoda kimoja na Njeri mwenzake.

Sasa Njeri ana miaka kumi na sita na simu. Akila chipsi Kitale, dunia nzima inajua ni chipsi za wapi, amekaa meza gani na nani yuko kando yake. Sisi tulifundishwa kunyamaza hadi tukawa wataalamu, na bado mtu akiniuliza kwetu ni wapi moyo hunidunda kwanza ndipo nijibu. Kizazi hiki hakijui kujificha hata kwenye mchezo. Namkemea, ananicheka, ananiita mtu wa kale. Nakumbuka zile jioni za Kanduyi, vumbi, kelele na harufu ya tyubu, na natamani angezionja, ila ile hofu iliyokaa nyumbani nyuma ya redio simtakii kabisa.

Mama yeye hamkemei. Hunyoosha mkono akaomba ile simu, akaivuta karibu na macho, akatafuta pale juu penye jina. "Njeri," anasoma, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Kisha anasoma tena.