Aliyetuamkia Dirishani Karibu na Mgololo

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikifika katikati sitapenda kuona meno ya mtu. Haya sikusimuliwa. Nilikuwepo, nilikuwa macho, tena ilikuwa mchana.

Tulikuwa tunatoka Dar kwenda kula Krismasi kwetu Tukuyu, mimi na mdogo wangu Ambwene. Mabasi yalikuwa yamejaa, tukaambulia treni, daraja la tatu. Umeshawahi kupanda treni ya sikukuu wewe? Watu wamelala chini ya viti, kuku wamefungwa miguu mlangoni, choo hakina maji, na kila mtu anamchukia aliyekaa naye. Tulisimama porini muda mrefu bila kuambiwa neno. Tukasogea kidogo, tukasimama tena karibu na Mgololo, katikati ya mipaini. Ukungu ulikuwa mzito, behewa la mbele hulioni.

Kondakta alipopita akatukanwa. Naye akajibu, "Injini imekufa, mnataka niisukume kwa kichwa?" Mwanamke mmoja akamrushia ganda la ndizi.

Ambwene alikuwa na hasira kuliko wote. Alikuwa hajakanyaga nyumbani miaka mingi, kila mwaka anamwahidi mama halafu haji. Safari hii mama alipiga simu kila mara kuuliza tumefika wapi, mpaka simu zetu zikaisha chaji.

Hapo ndipo yule mtu alipokuja dirishani. Mwanaume wa makamo, koti refu la mvua, uso ambao ukiniuliza leo siwezi kukueleza ulivyokuwa.

"Mugonile," akatuamkia. Kinyakyusa safi, cha kwetu kabisa. Akasema barabara iko karibu, kuna gari linasubiri, jioni tutakuwa nyumbani. "Au kaeni humo muoze," akaongeza, akacheka kwa dharau.

"Ndaga," Ambwene akaitikia, akaanza kushusha begi.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kihehe, mtu wa Idodi, ambaye tuligombania naye kiti tangu Dar na hatukuwa tunasemezana. Akanishika mkono. "Yule kaka ni wa kwetu," akasema. "Umesikia Kihehe chake? 'Kamwene' yake ni kama ya marehemu babu."

"Mama, yule anaongea Kinyakyusa."

"Mwanangu, Kinyakyusa mimi sijui hata neno moja. Na nimeelewa yote."

Tukatazamana. Niamini, baridi niliyoisikia haikuwa ya huko Mufindi tulikosimama. Kugeuka, Ambwene ameshafika mlangoni. Nikaruka watu, nikamkamata shati.

"Usishuke! Huyo si mtu!"

"Niache, dada! Nimechoka na treni, nimechoka na nyie wote!"

Akanisukuma, nikawaangukia watu, nao badala ya kuniinua wakanitukana. Nilipoinuka nilimwona anafuata lile koti. Yule mtu aligeuka mara moja akanitazama kwa chuki, kama vile niliwahi kumnyang'anya kitu chake. Kisha ukungu ukawafunika.

Nilipomweleza kondakta, ukali ulimwisha. "Upande ule hakuna barabara," akasema. "Kuna bonde tu." Akashuka na wanaume wawili, wakaita mpaka sauti zikawakauka. Injini ilipopona, tuliondoka bila yeye.

Krismasi ile kwetu hakuna aliyekula. Polisi tuliwaarifu, wanakijiji wakatafuta msituni, wapi. Halafu, sikukuu zimeshapita, asubuhi moja Ambwene akaingia uani kwa miguu yake, nguo safi, begi begani. Mama akamkimbilia, akamkumbatia, akamwambia yote ambayo mama humwambia mtoto aliyeshamlilia kama maiti. Ambwene akamsikiliza kwa adabu. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada, mama anasema nini?"

Nilidhani anatania. Kinyakyusa chote kilikuwa kimemtoka, hata salamu, hata maana ya jina lake mwenyewe. Hospitali hawakuona tatizo. Wachungaji wameomba mpaka wamechoka. Ukimuuliza alikuwa wapi, anasema alitembea na yule mtu wakiongea, wakaongea mpaka maneno yakaisha, akajikuta njia panda ya nyumbani.

Mama Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Mimi nisipokuwepo, wanakaa benchi moja kimya, anamsukumia sahani ya ndizi, basi. Usiku mama hunipigia simu akilia, ananiuliza yule mgeni ataondoka lini.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kukata tiketi ya sikukuu, treni ikisimama tukana, lia, gombana na kondakta. Lakini akija mtu dirishani akakuamkia kwa lugha ya kwenu, usiitikie. Muulize kwanza jirani yako yeye amesikia nini. Hata kama hamsemezani, muulize.