Ndugu wa Ngano Juu ya Paa

Siku yangu ya kwanza kwenye duka la mbegu nilipewa kitambaa kibichi na punje za mchicha, nikaambiwa nipande juu ya paa nikazitazame. Nilidhani wananidhihaki. Nimetoka Makete, mtu wa viazi, nakuja Kariakoo kutazama punje? Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Unalaza mbegu kwenye kitambaa chenye maji, unaona ngapi zimechipua, ndipo gunia liruhusiwe kushuka kaunta. Tuliita kupima uotaji, na nimezeekea humo.

Mwenye duka alikuwa mjane wa Kihindu tuliyemwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Chini yake alikuwapo Meneja wa Ghala, mtu wa Lindi, mwenye maneno mengi kuliko magunia yake. Kule juu, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, palikuwa na pipa lililokatwa nusu, limeota nyasi za kijani cha kusinzia. Mbegu yake marehemu mume wa Ba alipewa na mgeni wa nchi za baridi. Ulikuwa umeota mche mmoja tu, na huyo mume akafariki mapema.

"Huyu ni ndugu wa ngano," Ba aliniambia. "Ngano ukivuna, imekufa. Hii inarudi kila mwaka. Baba, marehemu mume wangu, alisema itatoa suke, akaondoka hajaliona. Mimi nataka nilione kwa ajili yake, Sanga."

Nikailea. Nyie vijana mkiipata mbegu yake, msiizike. Ifunikeni udongo mwembamba, kisha mshindilie kwa kiganja. Mwaka wa kwanza msiikate wala msimpe ng'ombe, maana inashughulika na mizizi. Maji ya kiasi, isisimame kwenye tope. Kichaka kikibanana, gawanyeni vishina, kila kimoja na mizizi yake, mkavipande mbalimbali.

Mchana kelele za mtaani zilipanda hadi juu zikiwa zimelainika, kama redio ya jirani. Upepo ukizipitia zile nyasi, nilifumba macho nikawa kwetu, ukungu umeshuka, mama anachochea moto. Mara nyingine nilisahau hata kushuka kula.

Lakini suke halikutoka. Kila masika yakiisha Ba alipanda ngazi, magoti yanamuuma, anauliza, "Bado?"

"Bado, Ba."

Jibu lile liliniuma, nasema kweli. Meneja yeye alicheka. "Mzee, hiyo imekula kwako. Mpe mbuzi tu." Tukaongeza samadi, zikanenepa majani basi.

Aliyenifumbua macho ni mteja wetu, bwana shamba mmoja. Alizishika, akatazama jua la Dar, akatabasamu. "Hizi haziumwi. Hazijapigwa baridi. Zisipoonja baridi haziamki kutoa suke." Baridi nitaitoa wapi Kariakoo? Iko kwetu Makete, na kazi sikuweza kuiacha, watoto wanasoma.

Nilipostaafu, jengo nalo liliuzwa livunjwe, wajenge ghorofa. Ba alihamia kwa mwanawe Upanga, macho yamefifia. Nilizifunga zile nyasi kwenye gunia bichi, nikapanda nazo basi hadi Makete. Ikaja baridi ya kwetu, ile inayounguza majani ya viazi, nikazionea huruma. Mvua zilipoanza, asubuhi moja nikaliona: suke moja, jembamba, linacheza. Nilikaa chini shambani nikalia, mzee mzima.

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Ni kuzuri, asubuhi ndefu, hakuna anayekuita. Ila safari ile ya kurudi Dar na suke ndani ya gazeti niliiona ndefu kuliko utumishi wangu wote, maana niliogopa nitakuta Ba amekwisha kuondoka.

Nilimkuta kitandani. "Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Nani? Sanga? Bado?"

Nikamwekea suke kiganjani. Alilipapasa taratibu, toka chini hadi ncha.

"Lina mbegu?"

"Hapana, Ba. Ni makapi matupu. Lilikuwa peke yake, halikupata wa kulipatia chavua. Lakini shina ni zima, limeanza kuchipua tena."

Kisha akamwita mkwewe amshike mkono, akasimama, akaenda hadi ukutani kwenye picha ya mumewe. Akalivua shada la maua ya jana, akalichomeka suke pale.

"Baba," alisema, "limetoka. Tazama wewe, mimi sioni vizuri."