Makombe ya Mlangoni kwa Pweza

Siku ya kwanza kununua pweza kwa Bi Riyama, pale Jambiani, nilimbinya yule pweza nikasema, "Shikamoo, bibi. Huyu kanywa maji ya kisima." Sisi wachuuzi wa soko la Darajani, mjini, tunaujua mchezo huo: pweza akilowekwa maji yasiyo chumvi huvimba, uzito ukaongezeka.

"Marahaba, baba," akanijibu. "Na mzani wako mbona umefunga, Ramadhani bado?"

Wenzake wakaangua kicheko, maana mzani wangu kweli ulikuwa ukipunguza. Nikanunua kwa bei yake.

Hakuwa mtu wa kupendeka: mjane, mkali, mgumu kama jiwe. Lakini maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakipwa, kapu lake ndilo lililokuwa zito. Pweza hula kombe, chaza na kaa ndani ya shimo lake, kisha makombe matupu akayatupa mlangoni. Penye rundo safi, mwenyewe yumo. Wengine walitazama mawe, yeye alitazama taka.

Ndipo akaja Himid, dalali wa mjini, akitafuta makombe ya kutandaza kwenye njia za bustani ya hoteli.

"Nataka matupu tu," alisema. "Kitu kilichokufa kina mwenyewe?"

Gari langu lilikuwa na nafasi, nikambebea. Petroli haichotwi kisimani. Na aliyejaza gunia la kwanza ni nani? Bi Riyama huyohuyo! Marundo aliyajua yote, akaenda mlango hadi mlango akizoa.

Matupu yalipokwisha, vijana wa Himid waliingia na mitaimbo kwenye majani ya bahari. Wakang'oa chaza hai, wakafukua kombe, wakabinua mawe na kuyaacha matumbo juu. Jambiani jiwe ukilibinua unalirudisha lilivyolala, ili vilivyo chini yake viishi. Hao mahayawani hawakurudisha hata moja.

Bamvua iliyofuata Bi Riyama alitoka majini na kapu tupu. Alama za mashimo aliziuza kwa mkono wake. Na mashimo aliyoyakumbuka, wenyewe washahama. Kombe hakuna, na wale kaa wanaovaa makombe ya wenzao hawana tena cha kuvaa, wameliwa na samaki. Pweza akae ale mchanga?

Alikuja na chuma chake cha kuchokolea, akasimama mbele ya gari langu lililokwisha kupakiwa magunia.

"Haliondoki."

"Bi mkubwa, pisha njia," akasema Himid. "Makombe ya bahari haya, si ya baba yako."

"Baba yangu kanilea kwa pweza walioyala makombe hayo! Wewe unatandaza njia, mimi sina cha kutia chunguni. Haliondoki!"

Hasira zikanipanda. "Si uliuza mwenyewe?"

"Nliuza! Nlikuwa mpumbavu siku ile. Wewe mpumbavu mpaka leo. Kesho utapeleka nini mjini, Fayaz? Mawe?"

Nikalitazama boksi langu la barafu. Barafu inayeyuka, pweza hamna. Makombe ya Himid yangekwisha, naye angehamia pwani nyingine. Mimi ningebaki na wateja wa pweza wanaonipigia simu. Sikumwonea huruma mtu.

"Shusheni," nikawaambia vijana.

Himid alinitukana mpaka wazee wangu waliokufa. Nami nikamrudishia, sikumbakishia.

Wanawake waliyarudisha makombe majini, wakayalaza mawe. Chaza waliokuwa hai walikuwa wameshaoza maguniani, harufu ikabaki garini mwangu.

Himid alipata gari jingine na pwani nyingine. Mimi nilipoteza mizigo yake na ya hoteli ile. Bi Riyama alibaki na ufukwe unaompa pweza mmojammoja, baada ya kutembea mpaka ukingo wa mwamba.

Na wa kwanza mkubwa alipompata, alimpeleka kwa Matar, mchuuzi mwenzangu, mbele ya macho yangu.

"Bi Riyama! Gari si nililishusha mimi?"

"Na lilipakiwa na nani?" Hakugeuka hata kunitazama. "Ongeza bei, baba, ndiyo tuzungumze."

Nikaongeza, nikilaani. Akaniuzia, lakini pweza akampima kwa mzani wa Matar.