Nilisema Amefumaniwa na Mke wa Mutu, Kumbe Damu Imeganda Nyuma ya Jicho

Admin, jina langu ulifiche vizuri, juu wanaonijua wote wanasoma huku. Niko na miaka ishirini na mbili, napakua simenti bandarini hapa Bujumbura. Shule niliiacha mapema, lakini kwa mudomo hakuna mutu ananishinda. Nikikubatiza jina siku ya Jumatatu, Alhamisi hata mama yako anakuita nalo.

Niko na ndugu yangu, mutoto wa mama mukubwa, tumuite Saidi. Mama mukubwa ndiye alinilea, mpaka leo nalala kwake. Mi na Saidi tuko ekipe moja, kundi moja la wapakuzi. Yeye ni mupole, swala hazimupiti, na alikuwa amekwisha kupeleka posa kwa binti ya muzee mumoja wa duka kule Buyenzi. Wiki mbili pua yake ilikuwa imeziba, paji la uso linamuuma, makamasi ya kijani. Mi nikamuita Bomba. "Bomba imepasuka tena, leteni fundi." Ekipe nzima inashika mbavu, na yeye anacheka nao, maskini.

Asubuhi moja akaja jicho la kushoto limevimba, kope imeanguka, anatetemeka homa. Mutu wa akili angesema tumupeleke hospitali. Mi nikapanda juu ya mifuko nikatangaza: "Jamani, Bomba amefumaniwa na mke wa mutu. Mwenye mali amemuandikia risiti kwa ngumi."

Saidi akanivuta suruali. "Ndugu yangu, acha hiyo. Itafika kwa baba mukwe."

Nikamujibu, "Basi ujinunulie miwani nyeusi, ukutane naye vizuri."

Ilifika kabla ya alasiri. Kesho yake posa ikarudishwa.

Saidi akajifungia ndani. Mama mukubwa akimuambia waende hospitali, anakataa: apite barabarani na ile jicho, watu waseme kumbe ni kweli? Atangoja uvimbe ushuke. Siku tatu. Ya nne jicho la pili likaanza kuvimba, anatapika, anamuita mama yake kwa jina la dada yake. Ndipo tukamubeba.

Baada ya kumupiga picha ya skaneri, dokta akasema ni sinizite, ugonjwa wa matundu ya pua. Mi kidogo nicheke, mafua tu? Akanitazama mpaka meno yakarudi ndani. Akaeleza kwamba uchafu wa nyuma ya pua umeingia kwenye mishipa, damu imeganda nyuma ya macho, karibu na ubongo. Wakamutundikia antibiotiki, wakamupasua kupitia puani kutoa usaha, na wakamudunga sindano za tumboni ili damu isizidi kuganda. Jicho la kulia limepona. La kushoto halioni hata taa.

Dokta akauliza, "Mbona mulikaa naye siku tatu?"

Mama mukubwa akajibu, "Kuna mbwa mumoja alimutilia mutoto wangu aibu."

Mi nilikuwa nimemushikia mukoba.

Sasa Saidi yuko nyumbani, anakunywa vidonge vya kuzuia damu isigande, wanamupima kila wakati. Muzee wa Buyenzi amelainika kidogo. Anataka mutu wa ekipe aje Ijumaa baada ya swala, ashike msahafu mbele ya imamu, aape Saidi hakupigwa na mutu, na aseme ile habari ilitoka mudomo wa nani. Mama mukubwa atakuwepo.

Saidi amenitaja mimi. Nikamuuliza, mbona usimuambie muzee mwenyewe?

"Nikisema mimi, wataona najitetea," alisema. "Na mama sijamuambia ni we. Hiyo utamuambia mwenyewe."

Hakupandisha hata sauti. Angenitukana ningemujibu, matusi nayaweza.

Nikiapa, Saidi anaoa, na mi nafukuzwa na mama pekee niliye naye. Nikikosa kwenda, binti anapewa mwingine, na nani tena atamupa muke mupakuzi wa jicho moja? Kuna boti ya Kigoma inaondoka Alhamisi, na wamenipa nafasi ya kazi humo. Niambieni ukweli, nipande ama ningoje Ijumaa?