Kisu Changu na Ubongo wa Shofa

Siku yangu ya kwanza katika labo, yaani maabara, ya hospitali, hapa Kolwezi, shefu, msimamizi wetu, alinipa kisu kizito cha chuma na mkanda wa ngozi wa kukinolea. Akasema, "Kila asubuhi unoe. Siku kisu itapasua nyama, utarudia kwenu kulima."

Sikurudi kulima. Niliishia darasa la tatu, lakini kazi niliijua. Kipande cha mwili kinazamishwa katika parafini, yaani nta; ikiganda, unakikata kwa mashine iliyofungwa kisu, chembamba hadi mwanga upite. Wenye diploma walikuja, vipande vyao vikakunjamana. Vyangu, hapana.

Miaka ikapita, akaja Mama Dokta, mkubwa wa labo. Huyo namheshimu hadi leo. Alileta ubongo wa shofa mmoja, dereva wa mji wa Fungurume. Kwa miezi michache tu yule mwanaume alisahau watoto wake, akayumba, mwili ukawa unarukaruka, akafa. Ndugu zake walisema mke amemlisha sumu. Walishamfukuza mke huyo, wakafunga nyumba, ufunguo wakakaa nao.

Mama Dokta alishuku prioni: protini ya ubongo inayojikunja vibaya na kuziharibu zingine, mpaka ubongo unabaki na matundu kama sifongo. Kipande alikilowesha kwanza katika asidi ya fomiki, kupunguza hatari. Kisha akanigeukia; mimi aliniita Tata, yaani baba.

"Tata, hii kisu ikikata, haitarudia kazi ingine."

"Nitaichemsha, Mama."

"Ile kitu haiwezi kufa na moto ya kuchemsha."

Soda kali, ile dawa inayounguza, ingeiua, lakini ingekula na makali. Nikamwambia basi nitumie kisu cha zamani, kile butu.

"Kisu mubaya nayo inafanyaka matundu, Tata. Tutaambia nini ule mama walifukuza?"

Nikachukua kisu changu kizuri. Nikanoa mara ya mwisho, polepole. Nikakata vipande sita, hakuna kilichochanika. Mama Dokta akatazama kwenye hadubini muda mrefu, kisha akaniita nione: matundu madogo, ya mviringo, kingo safi. Kipande kingine kilipelekwa Ulaya kupimwa protini yenyewe. Jibu likarudi: prioni, ugonjwa uliozuka wenyewe.

Mama Dokta akawaita ndugu, akawaonyesha yale matundu mmoja mmoja. Mkubwa wao akatoa ufunguo wa nyumba, akauweka juu ya meza.

Kisu kililowekwa katika soda, kikateketezwa. Leo nimestaafu, na vijana wanatumia visu vya kutupa. Ni vizuri, siwalaumu. Wakiniuliza changu kiko wapi, nawaambia nendeni Fungurume, mbishe hodi kwa mjane wa shofa. Atawafungulia mwenyewe.